Kuchagua Maua ya Parsele Hapa Pinga

Juma hili tuongee juu ya maua: namna ya kuyachagua, namna ya kuyanunua, na yapi yanafaa kupandwa mbele ya nyumba zetu hapa Pinga.

Najua neno litakalosemwa kwanza, maana nimelisikia mara nyingi tukichota maji: "Mwalimu, ua linaliwa?" Mama mwenye watoto sita na gigozi moja tu ya maharagwe nyumbani, atoe franka zake kwa kitu cha kutazama? Swali hilo ni la haki. Kuna lingine ambalo watu hawalisemi kwa sauti: nipande maua kwa nini, na mimi sijui kama mwaka kesho nitakuwa hapa? Makala haya yanajibu yote mawili. Jibu langu kwa ufupi ni hili: kwetu sisi, ua zuri kupita yote ni lile lenye mzizi unaoweza kutungoja. Rangi tutaiangalia nyuma.

Tuanze na mahali petu, kwa sababu ua halichaguliwi bila kujua udongo na hewa. Pinga iko kwenye mpaka: upande huu Masisi, upande ule Walikale. Tuko karibu na ikweta, mvua inanyesha karibu mwaka mzima, na inapungua kidogo tu mwezi wa kwanza na wa pili, kisha tena mwezi wa 6 mpaka wa 8. Nyuma yetu ni milima ya Masisi yenye ng'ombe na baridi. Mbele yetu msitu wa Walikale wenye joto na unyevu. Sisi tuko katikati, na maua yetu pia yanapaswa kuwa ya watu wa katikati.

Jambo hilo nililiona vizuri katika vakansi kubwa ya mwaka 2021, nilipotoka Goma kurudi nyumbani. Ilikuwa miezi michache tu nyuma ya Nyiragongo kulipuka, tarehe 22 mwezi wa 5. Goma iko kwenye mita 1500 hivi juu ya bahari, na sehemu kubwa ya mji imejengwa juu ya mawe ya volkano. Mtu wa kule akitaka bustani, analeta kwanza udongo kutoka pengine na kuumwaga juu ya mawe hayo meusi. Hata hivyo wauza maua wapo kandokando ya barabara, wamepanga miche katika sashe nyeusi na bidoni zilizokatwa: waridi, ambalo wengi wetu tunaliita roza, bugenvilia, hibiskusi, drasena, na mengine ambayo hata muuzaji mwenyewe anayapa jina siku hiyohiyo.

Toka Sake barabara inapanda. Ukifika Kilolirwe unavaa jaketi. Huko juu ndiko nyumbani kwa dalia, kwa hortansia yenye kichwa cha buluu, na kwa arumu, lile ua jeupe linalofanana na karatasi iliyokunjwa kwa kuuzia karanga. Maua haya yanapenda usiku wa baridi. Pareto pia ni wa milima hiyo: ni ua jeupe lenye moyo wa njano, na watu wa Kivu ya Kaskazini wamelilima tangu wakati wa Wabelgiji, si kwa uzuri wake, bali kwa sababu ndani yake mna dawa ya kuua wadudu. Kisha barabara inashuka: Kitchanga, Mweso, Kalembe. Ukikaribia Pinga, dalia zimekwisha. Unaona kana, hibiskusi na migomba, na msitu unaanza kujionyesha.

Basi, somo la kwanza la mnunuzi ni hilo. Usinunue ua kwa sababu lilipendeza ulipolikuta. Uliza limezaliwa wapi na linapenda hewa gani. Waridi mazuri ya Kenya yanayosafirishwa kwa ndege mpaka Uholanzi yanalimwa kando ya ziwa Naivasha, karibu mita 1900 juu ya bahari, ambako usiku ni baridi. Waridi hilohilo likishuka kwetu, majani yanakaa yameloa juma zima, yanapata madoa meusi na kuanguka. Halifi lote, lakini linaomba kazi nyingi: kulipanda mbali na ukuta ili upepo upite, kukata matawi ya katikati, kuokota majani yenye madoa na kuyachoma. Mwenye muda huo alinunue. Mwenye shamba upande wa pili wa mto na mtoto mgongoni, achague jingine.

Na jingine ninalosifu kwanza ni kana. Mnalijua: majani mapana kama ya mgomba mdogo, maua mekundu au ya njano. Wengi wanalidharau kwa sababu liko kila mahali, lakini tuangalie kazi yake. Chakula chake kinakaa chini ya ardhi, katika shina nene linalofanana na tangawizi. Mbuzi akila majani, linaota tena. Watu wakilikanyaga, linaota tena. Nyasi zikilifunika mwaka mzima, siku ukizifyeka unalikuta. Halisumbuliwi na mvua yetu, hata mahali ambapo maji ya bati yanaanguka. Mbegu zake ni nyeusi, duara na ngumu kama risasi ndogo. Mimi nazitumia darasani kufundisha hesabu za mwaka wa kwanza, na hazioliwi na wadudu kama maharagwe.

Na wanaouliza kama ua linaliwa, wasikie: katika milima ya Amerika ya Kusini, kana ya asili ililimwa kwa chakula tangu zamani sana, na kule Vietnam unga wa mzizi wake unatengenezwa tambi. Sisemi mkachimbe kana za mapambo na kuzipika. Hizo zimechanganywa aina nyingi. Nasema tu kwamba mpaka kati ya ua na chakula si mkali kama tunavyofikiri. Ngai-ngai tunayopika na samaki ni ndugu wa hibiskusi. Ukiacha mashina mawili matatu bila kuyachuma, yatakupa ua zuri lenye moyo wa rangi ya divai, na mbegu za msimu ujao. Ua la namna hiyo halikuombi hata franka moja.

Hibiskusi yenyewe, ile ya uzio yenye ua kubwa jekundu, ndilo la pili katika orodha yangu. Linavumilia kukatwa, linafanya ukuta wa kijani, na kijiti chake kinashika haraka. Kwa wenye watoto wa shule ni kitabu kizima. Mpe mtoto ua moja ahesabu: petali tano, na katikati kifimbo kirefu chenye unga wa njano, na kwenye ncha yake vichwa vidogo vitano. Mtoto akiona kwa macho yake namna unga unavyohama kutoka hapa kwenda pale, hatahitaji kukariri maneno ya ubaoni.

La tatu ni bugenvilia, na hili nina sababu ya kuliweka katika gazeti la wamama. Lilichukua jina la Mfaransa Bougainville, aliyezunguka dunia kwa meli. Wasafiri wake walilikuta Brazili mwaka 1767. Mtaalamu wa mimea katika safari hiyo alikuwa Philibert Commerson, na msaidizi wake, aliyebeba mizigo na kupanda milima kukusanya mimea, alijulikana kama kijana mwanamume. Kumbe alikuwa mwanamke, Jeanne Baret, mtoto wa watu maskini wa mashambani. Wanawake walikatazwa kupanda meli za jeshi, basi akavaa nguo za kiume. Ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Ua likaitwa kwa jina la mkubwa wa safari, msaidizi hakutajwa. Tunaobeba mizigo tunaielewa habari hiyo.

Bugenvilia linapenda jua kali na udongo usiotuama maji. Hapa kwetu mvua nyingi inalifanya liote majani tu, bila rangi. Lipandeni mahali penye jua tangu asubuhi, juu ya kilima kidogo cha udongo uliochanganywa na mchanga, na msilimwagilie hovyo. Lina miiba, kwa hiyo likae kwenye uzio, si kando ya mlango ambako watoto wanakimbia.

La nne ni tageti, ua dogo la njano au la rangi ya machungwa, lenye harufu kali ukilifinya. Mizizi yake inatoa kitu kinachodhoofisha minyoo midogo ya udongo, ile inayovimbisha mizizi ya nyanya na biringanya. Shina moja halitoshi. Lipandwe kwa wingi, kitanda kizima, kisha nyanya zipandwe mahali hapo. Hili linanunuliwa mara moja tu maishani: ua likikauka, lisugueni mkononi, mbegu zake ndefu nyembamba zitawatosha pamoja na majirani.

Na ua kubwa la njano lililojaa kando ya barabara zetu, linalofanana na alizeti, titonia? Hilo msilinunue wala msilipande katika parsele, litawafukuza. Lakini kateni majani yake mabichi, myafukie katika udongo juma moja au mawili kabla ya kupanda. Yanaoza haraka na ni mbolea nzuri, bila malipo.

Sasa tuje kwenye kununua. Anayeuza miche si adui, lakini wapo wenye haraka. Mwenzangu mmoja wa shule alinunua waridi tatu kando ya barabara, zote na ua juu. Kufika nyumbani aligundua kwamba ni matawi yaliyokatwa asubuhi ile na kuchomekwa katika udongo wa sashe. Hayakuwa na hata mzizi mmoja. Kwa hiyo, kabla ya kutoa pesa, fanyeni hivi:

Kwanza, shikeni shina karibu na udongo, mvute polepole sana. Mche wenye mizizi unakataa, kijiti kinakuja.

Pili, inueni sashe mtazame tundu la chini. Mizizi myeupe inayochungulia ni dalili njema. Mizizi mingi iliyozunguka mara tatu nne kama kamba inaonyesha mche umekaa sana katika sashe. Ukiununua, ifungue mizizi hiyo kabla ya kupanda.

Tatu, geuzeni majani mtazame upande wa chini. Hapo ndipo wadudu weupe na vitu kama unga vinapojificha. Mche mmoja mgonjwa utaambukiza uzio mzima.

Nne, msichague mche wenye maua mengi yaliyofunguka. Umemaliza nguvu zake kwa kumpendeza muuzaji. Chagueni mfupi, mnene, wenye machipukizi yaliyofungwa.

Tano, fanyeni hesabu ya gigozi. Jiulizeni: bei ya mche huu ni gigozi ngapi za maharagwe? Kama ua halijazaa mengine katika mwaka, ni ghali hata likiuzwa bei ya peremende. Kama litazaa kumi, ni rahisi.

Safari ya moto pia ni jaribu. Miche isifungwe nyuma ikipigwa na upepo kutwa. Punguzeni nusu ya majani, zungusheni mizizi kwa jani la mgomba lililoloa, muiweke katika kikapu chenye kivuli. Mkifika, isipandwe mchana. Iache kivulini siku mbili, kisha pandeni jioni. Mwezi mzuri ni wa 9, mvua inaporudi kwa nguvu, kwa sababu mvua itawafanyia kazi ya kumwagilia.

Kuna pia maua ambayo nasema msinunue, hata kama mmepewa bure, kama nyumbani kuna watoto wadogo. Ua kubwa linaloning'inia kama tarumbeta, lenye harufu tamu usiku, ni sumu tangu jani mpaka mbegu. Lori-rozi, lenye majani membamba marefu na maua ya waridi au meupe, ni sumu vilevile. Hata kijiti chake kisichomwe kwa kuni. Difenbakia, lile la majani mapana yenye madoa meupe linalowekwa saloni, likitafunwa linavimbisha ulimi. Na miyenzi ya uzio inatoa maziwa yanayounguza macho. Anayeikata aoshe mikono, na watoto wasiichezee. Tena, makopo na sahani za chini ya maua yasibaki na maji. Mbu hawaulizi kama maji ni ya ua au ya dimbwi.

Nimebakiza swali lile gumu: kwa nini kupanda, na sisi tunakimbia kila mara? Hakuna haja ya kuwafundisha habari hiyo. Mwezi wa 8 mwaka 2013 hata Madaktari Wasio na Mipaka walilazimika kuondoka Pinga kwa sababu ya vitisho. Mwezi wa 10 mwaka 2024 vita vilifika Kalembe, na tulilala na mizigo imefungwa. Kila mmoja wetu anajua nyumba iliyoachwa na ikageuka nyasi. Mwenye akili anaweza kusema: ninunue sufuria, hiyo nitaibeba.

Sibishani naye. Sufuria kwanza. Lakini mwaka mmoja niliwasindikiza jirani zangu waliorudi kutoka porini kutafuta mahali pao. Ukuta wa udongo ulikuwa umeanguka, mabati yamechukuliwa, nyasi zimefika kifuani. Walipotea katika parsele yao wenyewe. Kisha msichana wao wa miaka tisa akasema, "Mama, kana zetu zile." Mashina mawili mekundu yalikuwa yamesimama mahali palipokuwa pembe ya jiko. Kutoka hapo wakapima hatua kwenda kwenye mlango, kutoka mlangoni kwenda kwenye choo. Siku ile mama yule hakulia kwa ajili ya nyumba. Alikuwa ameshika kazi ya kufyeka.

Kana si karatasi ya parsele. Mwenye neno na jirani juu ya mpaka aende kwa wakubwa wa mtaa na mashahidi, asiende na ua. Lakini wazee wetu walipanda drasena na miyenzi kwenye mipaka kwa sababu walijua kwamba mti unaokubali kukatwa na kuota tena unakumbuka kuliko jiwe. Sisi tunaweza kufanya vilevile kwa kitu kinachopendeza. Na kitu kimoja zaidi: mzizi wa kana wenye macho mawili unaingia mfukoni. Hibiskusi ni kijiti cha urefu wa kiganja. Mbegu za tageti zinafungwa katika kona ya kitenge. Mkihama, sufuria itakwenda, na bustani pia inaweza kwenda.

Namna ya kuzidisha ni rahisi. Kwa hibiskusi na bugenvilia, kateni kijiti chenye unene wa kalamu na vifundo vinne, ondoeni majani ya chini, chomekeni vifundo viwili ardhini kivulini, mlinde unyevu juma nne mpaka sita. Bugenvilia ni mkaidi. Katika vijiti vitano, furahini mkipata viwili. Kwa kana, chimbeni shina la chini, mligawe kwa kisu safi, kila kipande kiwe na macho mawili au matatu, mpande kwa kina cha vidole vinne.

Kwa sababu hiyo nina ombi kwa chama chetu. Tusinunue kila mmoja peke yake. Watu kumi wachange, anunuliwe mche mmoja wa kila aina kutoka kwa muuzaji mwaminifu, upandwe kwa mama mmoja mwenye uzio mzuri. Nyuma ya msimu mmoja, kila aliyechanga apate kijiti, na kila aliyepata ampe mgeni mmoja, hasa wale waliokimbilia kwetu na wanaokaa katika nyumba za watu. Mgeni anayepewa ua la kupanda anaelewa kwamba hatufukuzi.

Kwenye mkutano ujao nitaleta vipande vya kana nyekundu na mbegu za tageti katika bahasha. Mwenye ngai-ngai iliyokomaa alete mbegu. Mwenye kisu kikali akilete pia, na kila mmoja alete jani la mgomba la kufungia.